Ng'wa Nani?

Kijijini kwa bibi yangu, mwendo wa saa moja kwa baiskeli kutoka Shinyanga mjini, mtoto aliyetumwa kisimani asubuhi hakuweza kurudi upesi. Kisima kilikuwa karibu. Watu ndio waliokuwa wengi njiani. Njia ilipita katikati ya kuta mbili za minyaa, nyembamba kiasi kwamba wakipishana wawili lazima mmoja ageuke ubavu, na kila uliyepishana naye ilikupasa usimame, ushushe ndoo, usalimie. "Mwangaluka." Akishaitika mwangaluka, hakukuachia hapo. Aliuliza, "Ng'wa nani?" Wewe ni wa nani? Ukamtaja babu yako. Ndipo uso ulipokunjuka, akaendelea: nyumbani je, ng'ombe je, mvua imefika huko kwenu? Mhola. Mhola duhu. Ukainua ndoo yako, na kabla hujafika kwenye mwembe ukakutana na mwingine.

Nilipokuwa na miaka minane niliona ni usumbufu mtupu. Mzee mmoja jirani yetu, ambaye shamba lake la pamba lilipakana na letu, aliyenibeba mgongoni usiku nilipopata degedege, alinisalimia kila siku kwa swali lile lile. Nikamlalamikia bibi: ananijua, mbona ananiuliza? Bibi alikuwa anakatakata viazi vya michembe, kisu kinatembea kwenye kiganja bila yeye kukitazama. "Anakuuliza usije ukasahau," akasema, akanisukumia ungo nikaanike.

Salamu ile ilikuwa na mwili wake pia. Wasichana walipiga magoti, vumbi au tope lisijalishe. Sisi wavulana tuliinama kidogo na kutoa mkono wa kulia, wa kushoto ukiushika wa kulia kwenye kiwiko. Mchana salamu iligeuka kuwa mwadila. Jioni wanaume walikaa shikome, kwenye moto wa uani, kila nyumba ikaleta chakula chake, na mgeni aliyetokea gizani alisogezewa maji ya kunawa kabla hajaeleza safari yake. Lakini akishanawa, akishatafuna tonge mbili tatu, swali lilikuja. Hakuna aliyekula shikome akalala bila kusema ni wa nani.

Mwaka 1953 Hans Cory, Mwaustria aliyefanya kazi ya utafiti wa jamii kwa serikali ya kikoloni ya Tanganyika, alichapisha kitabu kizima cha sheria na mila za Wasukuma: mahari, urithi, ng'ombe, talaka. Sheria ya Ndoa ya 1971 na mahakama za nchi zimeshapita juu ya mengi yaliyoandikwa mle. Swali la njiani halikuhitaji kitabu wala halikufutwa na bunge. Nimeshaulizwa kwenye foleni ya benki Kahama, na mtu aliyekuwa mbele yangu, kwa sababu tu alinisikia nikiongea Kisukuma kwenye simu.

Nimelifikiria swali hili miaka mingi, nikaona kwamba kazi yake kubwa ni kukuandikisha. Kila asubuhi kijiji kizima kilipita katika daftari lisilo na karatasi. Mtoto aliyedokoa maembe alijulikana ni wa kaya ipi kabla hajafika kwao. Ng'ombe aliyeonekana mbali na zizi lake alirudishwa. Na siku ya msiba daftari lile lilifunguliwa mbele ya watu wote: nani kaleta kuni, nani kaleta unga, nani kachota maji, nani hakuonekana. Kaya isiyohudhuria misiba ya wenzake iliachwa siku yake ilipofika. Nimeona kwa macho yangu kaburi halichimbwi hadi jua la saa sita, majembe yamelazwa chini, wanaume wa nzengo, umoja wa majirani, wamekaa kivulini kimya, wakisubiri mwenye msiba aje aombe radhi na kulipa faini ya kutokwenda kwa wenzake miaka yote ile. Alikuja. Alilia zaidi kwa lile kuliko kwa maiti.

Nguvu hiyo hiyo isiyoandikwa ndiyo iliyoirudishia Shinyanga miti. Watu wa rika langu wanakumbuka mkoa ukiitwa jangwa la Tanzania: misitu imefyekwa kuwafukuza mbung'o, imefyekwa tena kwa pamba, kisha Operesheni Vijiji ya miaka ya 70 ikawahamisha watu kutoka kwenye maeneo waliyokuwa wakiyatunza. Mwalimu Nyerere alipopita mwaka 1984 alisikitika, na mwaka 1986 ukaanza mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI. Wataalamu waligundua kuwa dawa ilikuwepo tangu zamani, nayo ni ngitili, eneo la malisho linaloachwa lipumzike wakati wa mvua ili ng'ombe wapate cha kula kiangazi. Mradi ulipoanza zilikuwa zimebaki kama hekta 600 tu. Kufikia miaka ya mwanzo ya 2000 zilikuwa zimepita hekta 300,000. Miche na mafunzo vilisaidia, sikatai. Lakini ngitili haina waya wala ukuta. Mtu akiwakuta ng'ombe ndani yake wakati wa mvua, swali la kwanza ni lile lile la njia ya kisimani: wa nani hawa? Maadamu jibu linapatikana, dagashida, baraza la wanakijiji, linaweza kukaa chini ya mti na kumtoza mwenyewe faini bila polisi wala hakimu. Mti mmoja mmoja, migunga ile ya Shinyanga, imelindwa na aibu ya kutajwa.

Lakini swali hili lina makali upande wa pili pia.

Miaka ya mwanzo ya 80, baada ya vita vya Kagera, silaha zilizagaa na wizi wa ng'ombe ukawaelemea watu wa Kahama, Nzega na Shinyanga. Wakaunda sungusungu: pinde, mishale, viongozi wao wenyewe, na mwano, ule ukelele wa hatari unaopokelewa kilima hadi kilima. Mwano ukipigwa, mwanamume mzima aliyebaki ndani alikuwa na la kujieleza. Serikali ililitambua jeshi hilo kisheria mwaka 1989. Wizi ulipungua, usiku ukarudi kuwa wa watu kulala, na mimi ni mmoja wa waliolala. Lakini mgeni asiye na wa kumtaja, aliyepita kijijini akishindwa kujibu ng'wa nani kwa haraka, aliingia hatarini. Na hata wenyeji hawakuwa salama wote. Pamoja na wezi, sungusungu wa mwanzo waliwasaka waliodaiwa kuwa wachawi, na mauaji ya vikongwe yaliendelea mkoani kwetu kwa miaka mingi, ushahidi ukiwa macho mekundu. Macho ya mwanamke aliyepika miaka 50 ndani ya nyumba isiyo na dirisha, kwa kuni mbichi na kinyesi cha ng'ombe, yatakuwa ya rangi gani?

Kisha, kuanzia katikati ya miaka ya 2000, ikaja aibu kubwa zaidi. Waganga waliwaahidi watafuta utajiri, wachimbaji wa dhahabu wakiwemo, kwamba viungo vya mtu mwenye ualbino vitawavutia bahati. Watoto waliuawa. Hawa hawakuwa wageni wasiojulikana. Kila mmoja alijulikana ni wa nani, na mara nyingine aliyewaonyesha wauaji mlango alikuwa mtu wa nyumba hiyo hiyo. Nalisema hili ili nisije nikaisifu salamu ya bibi kuliko inavyostahili. Kujulikana kulimlinda mtu mpaka pale waliomjua walipoamua vingine.

Ndiyo maana sishangai kwamba wengi walikimbia.

Kwenda magharibi, kuvuka kuingia Geita, ni safari ya zamani kwa Wasukuma. Nchi ile ilikuwa ya Wazinza, Wasumbwa na Walongo wafua chuma. Mpango wa maendeleo ya Usukuma wa 1947 hadi 1956 uliwahimiza watu wahamie huko na ng'ombe wao, kwa kuwa kwetu kulikuwa kumejaa. Hao walikwenda kwa koo, salamu zikafuata. Lakini chini ya ardhi ile kulikuwa na dhahabu ambayo Wajerumani waliijua tangu mwisho wa karne ya 19. Mgodi wa zamani wa Geita ulifanya kazi toka miaka ya 30 hadi 1966, ule mkubwa wa sasa ukafunguliwa mwaka 2000, na katikati ya migodi ya kampuni yakaenea machimbo ya wachimbaji wadogo: Nyarugusu, Rwamgasa, Mgusu, na kwa upande wetu Kakola na Lunguya. Wanaokwenda huko hawaendi kwa koo. Wanakwenda mmoja mmoja, kwa basi la usiku au nyuma ya lori la mbao za matimba, zile za kushikilia kuta za mashimo.

Na machimboni hakuna anayekuuliza wewe ni wa nani.

Nilijifunza hili nilipoanza kwenda kumtembelea mpwa wangu, mtoto wa dada, anayechimba katika machimbo mamoja ya Geita ambayo sitayataja. Siku ya kwanza nilimuulizia kwa jina alilopewa na mama yake. Watu waliguna. Nikaeleza umbo, nikaeleza kovu la shavuni. "Aaa, huyo!" wakanitajia jina ambalo sikuwahi kulisikia. Machimboni jina la kwenu linabaki stendi. Unapewa jingine, la mchezaji mpira, la aina ya lori, au la mahali ulikotokea, na kwa jina hilo unakopeshwa ugali, unaandikwa kwenye daftari la duara, yaani shimo la kuchimbia, na kupata mgao. Anayekaa na wewe gema moja mwaka mzima anaweza asijue kabila lako. Kuuliza sana ni utovu wa adabu. Nilimuuliza kijana mmoja kwao ni wapi, kwa mazoea yangu tu, akanitazama kama niliyemshika mfukoni.

Nilipokaa zaidi nikamwelewa. Yuko msichana pale aliyetoroka ndoa iliyolipiwa ng'ombe wengi. Akitajwa ni wa nani, ng'ombe wale wanamfuata. Yuko ambaye bibi yake alinyooshewa kidole. Wapo waliokimbia madeni ya pamba na waliokimbia baba. Kwao kutoulizwa ni hewa. Deborah Fahy Bryceson na Jesper Bosse Jønsson, watafiti walioishi miaka mingi na habari za wachimbaji wa Tanzania, walishiriki katika kitabu cha 2014 kinachosema kuna mbegu ya demokrasia katika machimbo kama haya, watu wasio na ukoo wala cheo wakitungiana kanuni wenyewe. Nakubaliana nao, kwa kuwa nimeziona kanuni hizo zikifanya kazi.

Mwenye duara anawalisha vijana wake miezi yote wanayochimba mwamba mtupu. Hawamdai mshahara, naye hawadai chakula. Mawe yakipatikana, mifuko inapangwa mstari mmoja mbele ya macho ya wote. Mwenye leseni anachukua yake, mara nyingi kama asilimia 30, kinachobaki kinagawanywa kati ya mwenye duara na waliochimba, na hakuna anayegusa mfuko kabla wote waliokuwa chini hawajapanda. Mama lishe aliyekopesha wiki nzima analipwa kwa mawe, atayapeleka mwenyewe kwenye karasha, mashine ya kusaga mawe. Anayevuta winchi hapokei simu. Hata mama yake akipiga, iite mpaka ichoke, kwa sababu kwenye kamba kuna mtu. Sikuona tangazo la hili limebandikwa popote. Nilimwona tu kijana aliyejisahau akapokea, na nilimwona jioni akila peke yake.

Na salamu zipo, ila za namna yao. Kule mwaloni, wanakoosha mchanga, mikono ya watu imelowa tope na mara nyingi zebaki, kwa hiyo hawakupi kiganja. Wanakupa kifundo cha mkono, vidole vimekunjwa kuelekea chini, nawe unakishika kwa vidole vitatu na kukiachia. Wanawake wanaopita na karai la marudio, mchanga uliokwisha kuoshwa, kichwani hawawezi kupiga magoti. Lakini wale wa kwetu utawatambua: akifika mbele ya mtu mzima goti moja linalegea kidogo, nusu inchi, karai halitikisiki, kisha anaendelea na safari. Mwili unakumbuka.

Mwaka 2015, Oktoba, kifusi kiliwafunika wachimbaji sita huko Nyangalata, wilaya ya Kahama. Watu wengi walishakata tamaa. Siku 41 baadaye, katikati ya Novemba, wenzao walisikia sauti chini ya ardhi, wakachimba, wakawatoa watano wakiwa hai; mmoja alifia huko huko. Walikula mizizi, mende na vyura, wakanywa maji yaliyodondoka mwambani. Magazeti yaliandika sana juu ya mende. Mimi nilichokitafuta katika habari zile kilikuwa kingine: watu hawa waliishije pamoja gizani siku 41? Nani alianza kunywa? Mwili wa mwenzao waliufanyaje heshima? Pale chini hapakuwa na mzee wala nzengo, na bado watano walitoka wakiwa watano. Kanuni fulani ilikuwa kazini mle, na hao wanaume walishuka nayo kutoka mahali fulani, kwa bibi zao au kwenye kamba ya winchi.

Sasa niseme la kwetu, la mwaka juzi, ambalo ndilo limenifanya niandike.

Nilikuwa nimelala kwa mpwa wangu. Asubuhi kabla ya saa tatu gema liliporomoka kwenye duara la tatu kutoka kwake, likamkuta kijana mmoja chini. Winchi zote zilisimama bila mtu kuamrisha. Karasha zilizimwa, na hapo ndipo nilipotambua kwamba tangu nifike nilikuwa sijasikia sauti ya ndege. Wanaume walipokezana kushuka. Saa saba walimpandisha, wamemfunga kwenye turubai, na mmoja akamfunika uso kwa fulana yake mwenyewe.

Karai lilipitishwa kwa ajili ya sanda na jeneza. Noti ziliingia, na mchimbaji mmoja asiye na noti alitia jiwe dogo lenye mstari wa njano, watu wakalisogeza katikati ili lisianguke. Kisha ukaja ugumu. Ofisa wa kijiji aliuliza: ndugu zake wako wapi? Mwenye duara, mtu wa Kigoma, alifungua kaunta buku yake, akapitisha kidole kwenye safu ya majina mpaka akalipata. Chunya. Ndivyo alivyoandikwa, ndivyo alivyoitwa na kila mtu kwa karibu miaka miwili. Simu yake ilikuwa imesagika pamoja naye, kitambulisho hakuwa nacho. Wenzake wa gemani waliulizana. Hakuna aliyejua zaidi. Alikuwa mpole, alipenda chai yenye tangawizi, hakuwahi kugombana na mtu kwenye mgao. Wakakubaliana kwamba ni mtu wa Chunya, apelekwe Mbeya au azikwe hapa hapa, na kwa kuwa Mbeya ni mbali na hawakujua wampeleke kwa nani, azikwe hapa. Vijana sita wakachukua sururu na sepetu wakaenda kando ya mbuyu.

Sijawahi kuona kaburi linachimbwa vile. Wachimbaji wale walishuka futi kwa futi, kuta zimenyooka, na kila hatua mmoja alilaza kiganja ukutani akakisukuma taratibu, kusikiliza kama udongo unashika, kama wafanyavyo duarani. Mpwa wangu alikuwa mmoja wao. Kwenye kona moja palikuwa na ufa mdogo, akaomba ubao. Akauwekea timba.

Fundi wa mbao alikuwa anasubiri aambiwe aandike nini kwenye msalaba. Wakati huo alifika mama mmoja mtu mzima anayeosha marudio mwaloni, magunia ya nailoni yamefungwa kiunoni juu ya khanga, mikono ingali na tope. Aliuliza, "Mnamwandikaje?"

"Chunya, bibi. Ndilo tulilonalo."

"Mimi ninalo jingine," akasema.

Kumbe kijana yule hakuwa mtu wa Chunya hata kidogo. Chunya alichimba tu kabla ya kuja Geita. Kila asubuhi akienda duarani alipita mwaloni, na kwa kuwa alimsikia mama yule akiongea na mwenzake, alimsalimia: mwangaluka, mayu. Naye mama, kama alivyofundishwa, alimuuliza ng'wa nani. Siku ya kwanza alisita. Siku ya pili akajibu. Baada ya hapo kila siku ya Mungu aliulizwa na kila siku alijibu, jina la baba na jina la kijiji, huko Kishapu. Mama alitaja vyote viwili, pale pale, kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayetaja bei ya unga.

Waliokuwa kaburini wakaacha kuchimba.

Ilichukua mchana uliobaki. Mfanyabiashara wa mchele anayefika mnada wa Mhunze aliijua namba ya mtu, mtu huyo akatoa namba ya mwenyekiti, mwenyekiti akampelekea simu mzee nyumbani kwake. Mwenye duara ndiye aliyetakiwa kuzungumza, maana kijana alifia mikononi mwake. Aliweka sauti kubwa ili mama wa mwaloni amsaidie lugha. Tukasikia upepo, tukasikia kuku, kisha sauti ya mzee, tulivu, haijajua kitu bado. Mwenye duara akasalimia kwa Kiswahili. Mzee akaitika mwadila, halafu akauliza:

"Ng'wa nani?"

Mwenye duara alimtazama mama. Mama akamnong'oneza maana yake. Mtu yule, mwenye maduara manne na vijana zaidi ya hamsini, ambaye sisi sote tulimwita kwa jina la gari lake, alinyamaza kwa muda. Kisha alivua kofia, akalitaja jina la baba yake, jina la Kiha, na kijiji alichozaliwa karibu na Kasulu. Machimbo yote yalikuwa yanasikiliza. Mzee akarudia jina lile polepole, akalikosea, akasahihishwa, akalitamka tena sawasawa. "Haya, baba," akasema. "Nieleze."

Kijana alisafirishwa usiku ule. Mpwa wangu na wenzake watano walipanda gari pamoja naye. Kaburi walilokuwa wamelichimba walilifukia kwanza, kwa kuwa kwa Wasukuma waliokuwepo na kwa Waha vilevile ilikuwa mwiko kuliacha wazi likilala tupu, na hilo lilikuwa jambo pekee siku ile ambalo hakuna aliyehitaji kumtafsiria mwenzake.

Nilirudi huko baada ya miezi minne. Mwenye duara amenunua kaunta buku mpya. Amepiga mstari kwa rula katikati ya kila ukurasa: kushoto jina la machimboni, kulia jina la baba na kijiji. Nilikaa naye kwenye benchi nje ya kibanda akiwaandika vijana waliofika wiki ile. Wengine walijibu wakicheka. Mmoja aliomba asogee pembeni, akamnong'oneza sikioni. Kisha ikafika zamu ya mama lishe wa duara, msichana yule wa ng'ombe wengi, ambaye sasa naye anaandikwa kwa kuwa ana mgao wake.

Akatoa jina la kushoto.

"Na huku?" mwenye duara akauliza, kalamu imeshatangulia.

Msichana alikuwa ameshika mwiko, unga umemkaukia mpaka kwenye viwiko. Alitazama ule mstari wa rula muda mrefu.

"Huku bado," akasema.

Mwenye duara aliinua kalamu, akaacha nafasi yenye upana wa jina na kijiji, akashuka mstari wa chini yake, akamwita anayefuata.